Maikromita ya Marehemu Msellem

"Kimekufa, Bi Mabruka! Kifaa chenu kimekufa, na kimekufa pamoja na mwenyewe!"

"Ufe weye na karakana yako!" Bi Mabruka alimrudishia kutoka upande wake wa ukuta, ufagio mkononi. "Mume wangu kalala kwake, hana ulimi wa kukujibu, ndiyo umempata wa kumchezea?"

"Mimi simchezei mtu. Nasema habari ya chuma."

"Chuma hicho kimeshikwa na mkono wake kabla weye hujaijua Ibra iko wapi. Pampu ngapi za mashamba ya Sufala kazipima nacho? Kaulize! Ipi iliyotikisika?"

"Ya kwangu imetikisika!" Kofia ya jirani yake, fundi Abdullatif, ilichomoza juu ya ukuta, kisha uso wake mwekundu ukafuata. Alikuwa amepanda juu ya kitu, pengine pipa, maana alikuwa akiyumba. "Nimepima shafti ya pampu na chombo chenu. Nikakereza bushi, ile pete ya kuivika, kwa kipimo hicho hicho, straiti, bila kupunguza wala kuongeza. Nikaenda kuifunga pampu ya watu kule Al Kamil. Ilipowashwa ikaanza kucheza kama imepandwa na shetani! Bushi imepwaya ndani. Watu wamenicheka, Bi Mabruka, wamenicheka mbele ya wafanyakazi wangu. Mashine yangu ni ile ile, mkono wangu ni ule ule. Kilichosema uongo ni kimoja tu."

Akakiteremsha juu ya ukuta, kimefungwa kwenye kitambaa. Bi Mabruka akautupa ufagio akakipokea kwa mikono miwili, kama anayepokea mtoto mchanga kwa mkunga asiyemwamini.

"Hukujua kupima," akasema.

"Mimi? Sijui kupima?"

"Ndiyo, weye. Na kuanzia leo usiniazime hata chumvi."

Kitu chenyewe kilichokuwa kikigombewa kilikuwa hakijazi kiganja. Maikromita, chombo cha mafundi cha kupimia unene wa chuma. Umbo lake kama sikio la kikombe, na parafujo nyembamba imepita ubavuni. Unakiweka chuma baina ya nyuso zake mbili, unazungusha kipini taratibu mpaka kinalia ki-ki-ki, kisha unasoma mistari. Mistari hiyo inakwambia unene hata ukiwa mwembamba kuliko unywele. Ndivyo Msellem alivyokuwa akiwaeleza wageni, watake wasitake, na chai ikipoa mbele yao.

Sasa, siku ile ya ugomvi, uani kwa Bi Mabruka alikuwepo shoga yake Bimdogo, amekaa juu ya mkeka na kikombe cha maziwa ya tangawizi. Bimdogo hakuingilia hata neno moja. Alisikiliza tu, akameza, akajifuta mdomo, akachukua buibui lake. Na Bimdogo ni mtu wa kuianzisha habari, si wa kuimalizia. Ilipotoka mdomoni mwake ilikuwa habari ya bushi moja. Ilipofika sokoni ilikuwa habari ya pampu nzima. Jumatano, kwenye soko la wanawake ambako Bi Mabruka huuza udi wake wa kupika, mwanamke mmoja wa mtaa wa Alaya alimwinamia kama mtu atoaye rambirambi, akamuuliza: "Ni kweli wasemavyo, kuwa marehemu alikuwa akipima kombo tangu zamani, watu wakimstahi tu?"

Bi Mabruka alimfungia udi wake, akamwambia Mungu amuongoze, akainama chini ya meza kama anayetafuta karatasi. Hakuwa akitafuta karatasi.

Mtu aelewe hapa. Msellem hakuacha shamba, hakuacha nyumba ya ghorofa. Alikuja Oman kutoka Unguja katika miaka ya sabini na nguo zake na sanduku la mti lenye vyombo vya kupimia, alivyopewa na bwana mmoja fundi aliyemfunza kazi kule Funguni. Akaajiriwa karakana ya serikali, akastaafu, akawa fundi wa pampu za watu. Ibra nzima walikuwa na msemo wao wakitaka kumaliza mabishano: "Kapima Msellem?" Ukisema ndiyo, yamekwisha, watu wanahamia habari nyingine. Neno hilo ndilo aliloliacha. Na mjane wake alikuwa akiishi ndani ya neno hilo kama wengine wanavyoishi ndani ya nyumba.

Usiku ule, na uliofuata, alijiuliza jambo ambalo asingethubutu kumwambia Bimdogo: je, ikiwa ni kweli? Ikiwa Msellem alikiangusha siku moja, akakiokota, akanyamaza?

Asubuhi ya Alkhamisi alikwenda kwa Bimdogo kabla hajanywa chai.

"Ghaniya anakuja lini?"

"Leo, baada ya adhuhuri. Kwani una nini naye?"

"Nataka akipime kile kinachopimia."

Ghaniya ni binti yake Bimdogo. Anafanya kazi Nizwa, kwenye idara inayokagua mizani na vipimo vya madukani. Anaingia dukani na mkoba wake, anaweka mawe yake ya chuma juu ya mizani, na wauza samaki wanaanza kusoma Ayatul Kursi. Mabinti wenzake walikuwa wakimwogopa hata kumkaribisha harusini, wakisema atapima biriani.

Bi Mabruka akamtuma Bimdogo kwa jirani na ujumbe: Ijumaa, baada ya sala, aje na shafti yake, watu wasikilizane mbele ya mwenye elimu.

"Ghaniya?" Abdullatif alisema. "Yule aliyeifunga mizani yangu ya misumari? Akaipiga lakiri nyekundu, wateja wanatazama?"

"Huyo huyo."

Abdullatif akafikiri. "Basi okei. Huyo hana rafiki."

Ijumaa nyumba ilijaa. Bi Mabruka hakualika mtu, lakini nani alihitaji mwaliko? Walikuja majirani, wakaja majirani wa majirani, wakaja na watoto na sahani za sambusa ili wasionekane wamekuja mikono mitupu kutazama aibu ya watu. Sebule ikanuka mawaridi na jasho. Jikoni, tangu asubuhi, alikuwepo Shukriya, mke wa Abdullatif mwenyewe, amepita mlango wa nyuma. Alipoulizwa alisema ugomvi ni wa mumewe na kitunguu hakigombani na mtu, akaendelea kukata.

Abdullatif akaja na kanzu yake ya msikitini, shafti amezongomeza gazeti. Hakuingia. Alikaa kwenye kiti cha barazani, nje ya kizingiti, uso ameuelekeza barabarani, kama mtu anayesubiri teksi.

"Shikamoo, Bi Mabruka," Ghaniya akasema, akaubusu mkono wake.

"Marahaba, mwanangu. Usinihurumie."

"Sikuja kuhurumia mtu, khala," akamwita kama dada wa mama yake. "Nimekuja kutazama."

Meza ikatolewa barazani, kwenye mwanga. Wanawake wakajipanga mlangoni na madirishani. Ghaniya akanawa mikono, akaikausha vizuri, akakifungua kitambaa.

Hakupima kitu. Hilo liliwashangaza. Kwanza alikiweka kifaa kiganjani akakiacha tu, akiusikiliza uzito wake. Kisha akakisogeza karibu na sikio na kuzungusha kipini, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho, na kurudi. Alifumba macho.

"Analala?" mtu akauliza dirishani.

"Nyamaza weye, anasikiliza."

"Parafujo yake inakwenda kama hariri," Ghaniya akasema, macho bado yamefumba. "Haikwami popote, hailegei popote. Kifaa kilichoangushwa utakijua hapa. Kinafika mahali kinashtuka, kama mtu mwenye goti bovu. Hiki hakishtuki." Akafumbua macho, akakigeuza. "Hii mistari haikupigwa chapa, imechorwa, tena imejazwa wino mweusi mstari mmoja mmoja. Siku hizi hawajisumbui hivi. Na tazameni hapa." Akawaonyesha sehemu ya mgongo ambapo rangi ilikuwa imelika na chuma kimeng'ara, duara dogo tu. "Dole gumba. Miaka yote mtu kakishika mahali pamoja. Asiyejua kazi hushika hapa, kesho pale, na joto la mkono linakitanua. Huyu kakishika pale pale."

Bi Mabruka alilitazama lile duara dogo. Alikuwa amekifuta kifaa kile mara nyingi asikumbuke ngapi, na hakuwahi kuliona.

"Hiyo ni bodi ya nje," Abdullatif akasema akiitazama barabara. "Mimi nilipima, sikukivaa."

"Naam, ami. Sasa tutakisikia maneno yake."

Ghaniya akazifunga zile nyuso mbili, moja juu ya nyingine, bila ya kitu baina yake. Ki-ki-ki. Akainama kusoma. Zikifungwa hivyo, mistari ya ubavuni na ya kipini lazima ikutane kwenye sifuri, sawasawa, kama kope mbili za jicho. Akasoma. Akafungua, akafunga tena, akasoma mara ya pili.

"Haikai kwenye sifuri," akasema. "Inazidi. Kidogo sana, lakini inazidi. Shafti ikipimwa na kifaa hiki itaonekana nene kuliko ilivyo."

Bi Mabruka akamtazama Abdullatif, amejiandaa kumwona akicheka. Hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua lile gazeti la shafti.

"Nilisema," akasema, polepole, kama mtu aliyetamani awe amekosea.

"Basi khalas," Bi Mabruka akanyoosha mkono. "Tumesikia. Nipe nikirudishe sandukuni, watu wale sambusa zao."

"Bado, khala."

"Nipe, Ghaniya."

"Kifaa kizuri hivi hakiharibiki bure. Kama kimeharibika kitanionyesha mahali." Akakiinua kwenye jua, akachungulia zile nyuso mbili. Chuma kilichosuguliwa vile hutakiwa king'are kama maji. Hizi zilikuwa na rangi ya asali. Akakwaruza kwa ukucha, kikatoka kigamba chembamba kinachonata. Akakinusa. Akasita. Akanusa tena, na uso wake mkali wa ofisini ukaanza kumponyoka.

"Bimdogo," akamwita mama yake kwa jina kama nyumba nzima inavyomwita, "hebu njoo unuse."

Bimdogo akapenya, akanusa. Akapiga kofi la kicheko. "Yarabi! Udi wa Mabruka! Sukari, mawaridi na miski kidogo, harufu hii nitaijua hata nikiwa ndani ya sanda!"

Ndipo macho yote yakamgeukia Bi Mabruka, na Bi Mabruka akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

Watu wote waliokuwa pale walijua mtu akifa nguo zake hugaiwa. Kanzu za Msellem zilikwenda zote kwa wanaohitaji, kabla hata eda haijakwisha, na ilikuwa sawa. Lakini kwa miaka yote ya ndoa yao mume wake alinuka dizeli tangu Jumamosi hadi Alkhamisi. Siku ya Ijumaa tu ndiyo alikuwa wake. Akitoka kuoga alisimama juu ya chetezo, kanzu ameipanua kama hema, moshi unampanda mpaka kwenye ndevu, na anacheka kwa kutekenywa. Kanzu zilipokwenda, Ijumaa ilibaki. Chetezo kilibaki. Angemfukiza nani? Akalileta sanduku lake la vyombo. Kila Ijumaa alifungua kifuniko, akavitoa kimoja kimoja, akavipaka mafuta kama Msellem alivyotaka visipate kutu, akaviweka juu ya moshi, akakaa navyo.

"Mafuta gani?" Ghaniya akauliza, taratibu sasa.

"Yale yake ya mashine yalikwisha. Nikatia ya nazi."

"Ya nywele?" Abdullatif akageuza kiti kizima. Kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa akiutazama mlango.

"Kwani nywele si zinang'ara?"

Kicheko kikapasuka dirishani, kikaenda mpaka jikoni, na kutoka jikoni kikasikika kimoja kilichokuwa kirefu kuliko vyote, chenye kukoroma kidogo mwishoni.

"Shukriya?" Abdullatif akainuka nusu. "Hata wewe uko humo?"

"Nimekuja kuazima kisu!"

"Tangu asubuhi?"

"Kilikuwa butu!"

Ghaniya akawaacha wacheke. Alikata kipande cha karatasi nyeupe, akakibana baina ya zile nyuso, akakivuta. Kikatoka na mstari wa kahawia. Akachukua pamba, akaomba petroli kidogo kwenye chupa, akasugua kwa subira mpaka zikang'ara. Karatasi nyingine: ikatoka nyeupe. Lakini hakukifunga bado. Alimgeukia Abdullatif.

"Na wewe, ami. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza tunamfundisha: futa, funga, tazama sifuri, ndipo upime. Ulifuta?"

"Kilikuwa kinanukia kama bibi harusi. Ningekifuta nini?"

"Ulitazama sifuri?"

Abdullatif akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa.

"Ami?"

"Cha Msellem?" akasema mwishowe, karibu kwa hasira. "Nikitazame sifuri cha Msellem? Mimi nimetoka Bujumbura sina kitu, sijui Kiarabu, huyu mtu ndiye aliyenishika mkono akanionyesha mahali pa kufungua worksho. Akikupa kifaa chake unapima tu. Ukikigeuza kukikagua mbele yake anakunyang'anya, anakwambia kanunue chako. Nitakaguaje? Vya kwangu nakagua. Vya wengine wote nakagua. Cha Msellem sijawahi hata siku moja."

Bi Mabruka akaushusha mtandio kutoka mdomoni. Alikuwa na maneno ameyaweka tayari tangu siku ya ukuta, makali, ameyanoa kila usiku. Aliyatafuta, asiyaone.

"Huo ni upumbavu, Abdullatif," akasema kwa upole.

"Najua."

"Angekutukana mwenyewe."

"Ningefurahi."

"Njoo, khala," Ghaniya akamvuta karibu na meza. "Kamata hapa. Hapana, dole gumba hapo, kwenye duara. Sasa zungusha. Usibane, kiache kilie chenyewe."

Ki-ki-ki.

"Soma."

"Mie sijui kusoma hivyo vitu."

"Huna la kusoma. Tazama tu mistari miwili. Imekutana?"

Bi Mabruka akainama mpaka pua ikakaribia chuma. Alimwona mume wake akiinama hivyo maisha yake yote, jicho moja amelifumba, ulimi amesahau nje kidogo, na hakuwahi kumuuliza anaona nini. Mistari miwili myembamba, mmoja ubavuni na mmoja kwenye kipini, ilikuwa imekutana, ikawa mstari mmoja.

"Imekutana," akasema. "Wallahi, imekutana."

Ghaniya akatoa mkobani kipande cha chuma cha kulinganishia, cha ofisini, ambacho unene wake umeandikwa juu yake. Akakipima. Akawageuzia wote waliokuwa dirishani waone, ingawa hakuna aliyeweza kuona kitu.

"Sawasawa kabisa. Ofisini kwetu tuna vipya, vimekuja na makaratasi yake yote, na viwili katika hivyo siviamini kama ninavyokiamini hiki." Kisha akampokonya Abdullatif shafti, akaipima, akamwambia unene wake wa kweli. Abdullatif akaguna, akauandika kwa kalamu kwenye kiganja chake.

Bimdogo alikuwa tayari anatafuta buibui.

"Kaa kitako!" Bi Mabruka akamwambia. "Habari hii hutoki nayo mpaka umeipata yote. Na weye, Abdullatif. Unarudi lini Al Kamil?"

"Kesho. Nakereza bushi mpya leo alasiri, kama..." Akakitazama kifaa, akakohoa. "Kama ntaruhusiwa."

"Utawaambia nini waliokucheka?"

"Nitasema mimi ndiye sikutazama sifuri. Kapima Msellem, aliyekosea ni mimi."

"Na udi?"

"Udi sitautaja, Bi Mabruka. Nakustahi."

"Utauzuia kwa nini? Utaje! Waambie udi wa Mabruka unashika hata kwenye chuma, na Jumatano nipo sokoni."

Hapo hata Ghaniya alishindwa. Alikalia mkoba wake akicheka, machozi yanamtoka. Akamfundisha Bi Mabruka namna ya kubana karatasi na kuivuta, akamwachia chupa ya mafuta ya mashine. "Fukiza utakavyo, khala, Ijumaa yako siikatazi. Ukimaliza, futa. Kisha funga utazame sifuri, na ukiona mistari haikukutana niite."

"Nitatazama," Bi Mabruka akasema. "Kila Ijumaa nitatazama."

Akakifunga kifaa kwenye kitambaa kisafi, akaenda nacho mpaka kwenye kiti cha Abdullatif, akampa mkononi. Abdullatif akakipokea, akakitia mfuko wa kifuani, akaokota shafti yake, akaaga watu, akateremka ngazi. Jua la mchana lilikuwa bado kali juu ya Ibra na barabara ilikuwa nyeupe haina mtu. Kutoka jikoni Shukriya alikuwa akiulizia sinia kubwa liko wapi.

"Unakwenda wapi?" Bi Mabruka akamwita.

"Worksho. Bushi yangu—"

"Bushi ina miguu itakimbia? Mkeo kapika tangu asubuhi, wali unapakuliwa, samaki anapoa. Rudi hapa, Abdullatif. Vua viatu, kanawe hiyo mikono ya shafti, uingie ndani ule."